A inayokata: kisa cha kitufe kimoja kwenye kibodi iliyoungwa kwa mkono

Ujumbe wa kwanza uliingia Jumatatu asubuhi: "Shemeji njoo uchukue kibodi yko." Nikadhani ana haraka. Wa pili ukafuata: "Nimemwndikia mteja kwamba kichwa cha habari cha pili kinaweza kufa. Ananiuliza kwani kinaumwa?"

Alikusudia kufaa.

Shemeji yangu, dada wa mke wangu, anafasiri na kuhariri kazi za watu akiwa nyumbani kwake Temeke. Kwake A si herufi ya kuchezea. Kwa Kiswahili A moja na A mbili ni maneno tofauti: kufa na kufaa, kata na kataa. Mteja aliyekata na mteja aliyekataa ni watu wawili, na wa pili ndiye halipi. Tena A ndiyo herufi tunayoigonga kuliko zote. Hesabu katika kisa hiki uone. Ingekuwa X ndiyo inayosumbua, angekaa nayo mwaka mzima bila kunipigia.

Kibodi yenyewe niliiunda mimi mwaka jana, kwenye meza ya kulia chakula. Ina vitufe 48, mistari 4 ya kulala kwa safu 12 za kusimama, vimepangwa kama vigae, bila kupishana kama vya kibodi za dukani. Chini yake hakuna bodi ya kuchapishwa, ile yenye njia za umeme tayari. Swichi zimechomekwa kwenye plaiwudi ya milimita 3, na upande wa nyuma kila kitu ni waya, dayodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) na risasi ya kulehemu, mpaka kwenye Pro Micro, ile bodi ndogo ya kielektroniki yenye chipu ya ATmega32U4, niliyoibandika pembeni kwa gundi ya moto. Programu ya ndani ni QMK. Ukiigeuza unadhani umeona kiota cha kunguru wa Dar, wale wanaojengea vipande vya nyaya.

Bila kuelewa kiota hicho kimepangwaje, mtu atabaki kubahatisha, kwa hiyo nieleze kidogo. Pro Micro ina pini 18 za kutumia, na vitufe ni 48. Haiwezekani kila kitufe kipate pini yake. Dawa ni kuvipanga kama viti vya basi: mistari 4 na safu 12, jumla pini 16. Chipu inauita mstari mmoja kwa kuushusha hadi volti sifuri, kisha inatazama ni safu gani nayo imeshuka. Safu ya pili ikishuka wakati ulioitwa ni mstari wa pili, hiyo ni A. Halafu inauita mstari unaofuata, na inazunguka hivyo mara nyingi sana kwa sekunde. Kila swichi ina dayodi yake, 1N4148, pete yake nyeusi ikielekea upande wa mstari, ili umeme usizunguke njia za panya na kuandika herufi ambazo hakuna aliyezibonyeza.

Ramani hiyo ilinipa jibu la kwanza kabla sijafungua hata skrubu. Juu ya A, kwenye safu ile ile, yuko Q. Chini yake yuko Z. Wote wazima. Jirani yake kwenye mstari ni S, naye mzima. Safu ingekatika, Q au Z angelalamika pamoja naye. Mstari ungekatika, S na wenzake wangenyamaza. Dayodi ingekuwa imegeuzwa, A isingeandika tangu siku ya kwanza, na hii imeandika kwa miezi. Dayodi ingeungua ikawa inapitisha umeme pande zote mbili, tungeona herufi za ziada tukishikilia vitufe vitatu kwa pamoja, na hatukuziona. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa ndani ya kipande cha sentimita tatu hivi: kiungio cha waya wa safu, swichi, kiungio kati ya swichi na dayodi, dayodi yenyewe, kiungio cha mstari. Vitu vitano, basi.

Nikaichukua. Kwenye kompyuta yangu ilikuwa vile vile, kwa hiyo laptopu yake haina kosa. Nikahamishia herufi A kwenye kitufe kingine kupitia programu: huko ikaandika vizuri, na herufi niliyoiweka mahali pa A ikaanza kukata. Kosa lilikuwa la mahali, si la herufi. Kisha nikabonyeza A na nafasi, A na nafasi, mara mia. Penye nafasi tupu palikuwa 9. Penye A mbili palikuwa 5. Namba hizo niliziandika kwenye karatasi, na nafurahi niliziandika, kwa sababu baadaye ndizo zilizonisuta.

Sasa tuje kwenye kosa langu, maana kisa hiki kwa sehemu kubwa ni kisa cha kosa langu.

Nilipindua kibodi, nikachukua kibano, nikagusanisha miguu miwili ya swichi ya A. Kipimo hiki kinajulikana: kibano kinafanya kazi ya swichi, kwa hiyo herufi ikitoka bila kukosa, vitu vinne vilivyobaki ni vizima na swichi ndiyo mgonjwa. Nikagusa mara hamsini. Zikatoka A hamsini, moja moja, zimenyooka kama wanafunzi mstarini. Nikasema tumemkamata. Swichi ina kijibamba chake cha shaba ndani, kinachovutwa na kuachiwa, na huku pwani chumvi na unyevu havimwachi mtu. Nikachukua pampu ya kunyonyea risasi, nikatoa swichi, nikaweka mpya kutoka kwenye akiba, nikalehemu. Nikabonyeza mara mia: mia kamili. Jumanne kibodi ikarudi Temeke, nami nikala wali kwa nazi wa mtu aliyefanya kazi nzuri.

Alhamisi jioni: "Shemeji, mteja mekata."

Safari hii alinipigia na simu kabisa. "Shemeji, wewe si ulisema umebadilisha?" Nikamwambia nimebadilisha. "Basi hiyo mpya nayo umeinunua wapi?"

Swichi mbili kuugua ugonjwa mmoja mahali pamoja ndani ya siku chache ni jambo linalowezekana, kama vile inavyowezekana radi kupiga mnazi mmoja mara mbili. Ningekaa nikafikiri hapo, ningejiokoa siku tatu. Badala yake nilikimbilia kwenye programu.

Vyuma viwili vikigusana havitulii mara moja. Hudundadunda kwa milisekunde chache kabla ya kushikana. Kibodi zote zinajua hilo. QMK ina mpangilio uitwao DEBOUNCE, ambao usipoubadilisha ni 5: inasubiri milisekunde 5 za utulivu ndipo iamini kitufe kimebonyezwa. Nikaenda Temeke Ijumaa na kuupandisha hadi 20. A mbili zikatoweka palepale. Nikageuka kumtazama shemeji kama daktari aliyepata mshipa. Akaandika ukurasa mzima, kisha akasema, "Mbili hazipo, lakini bado inakata. Na sasa S imekuwa nzito. Na Q."

Maneno hayo, "S imekuwa nzito", ndiyo yaliyokuwa kipimo bora kuliko vyote nilivyofanya wiki nzima, na yalitoka kwa mtu asiyejua dayodi ni mdudu gani. Njia ya kawaida ya QMK hutumia saa moja kwa kibodi nzima. Kitu chochote kikibadilika, saa inaanza upya, na hakuna herufi inayopelekwa mpaka kibodi yote itulie kwa muda uliowekwa. A ilikuwa inawakawaka kama balbu iliyolegea, kila kuwaka na kuzima kunairudisha saa nyuma, na S aliyebonyezwa sekunde hiyo hiyo anasubiri foleni isiyomhusu. Kwa milisekunde 5 huoni. Kwa 20 kidole kinahisi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba A zinazopotea na A zinazojirudia hazikuwa magonjwa mawili. Ni mguso mmoja unaokatika. Ukikatika katikati ya kubonyeza, kidole kimoja kinaonekana kama viwili. Usipogusana kabisa, hakuna kitu. Kuongeza muda wa kusubiri kunaficha zile za kwanza, lakini hakuwezi kuumba umeme ambao haukufika. Nikarudisha 5, nikabeba kibodi, nikaomba hadi Jumapili.

Jumapili nilianza kwa kujihoji kuhusu kile kibano. Kwa nini mara hamsini kamili, kama swichi haikuwa na kosa? Nikapindua kibodi tena na kutazama mkono wangu mwenyewe. Kibano kinapogusa mguu wa swichi, kinausukuma. Mguu ukisukumwa, unaegemea kwenye waya uliolehemiwa hapo. Juu ya hayo kibodi ilikuwa imelala kifudifudi, hakuna kidole kinachokandamiza swichi kwenda chini. Nilikuwa nimempima mgonjwa wa mgongo akiwa amelala. Na nilipobadilisha swichi, je, nilibadilisha swichi peke yake? Nililegeza viungio viwili na kuviunga upya. Niliyaona matokeo nikampa sifa yule mpya aliyeingia, kumbe kilichofanya kazi ni risasi iliyoyeyushwa na kuganda upya.

Kwa hiyo nikapima kwa namna nyingine. Kwanza nilichomoa waya wa safu ya pili kutoka kwenye Pro Micro, kwa sababu chipu ina dayodi zake za ndani na ukipima nayo ikiwa imeungwa unaweza kusoma namba za ajabu ambazo si za kitufe chako. Nikabana kibanio chekundu cha mita ya fundi ya kupimia umeme kwenye ncha ya waya huo, na cheusi kwenye mwisho wa mstari wa pili, mbali kabisa na A, ili vibanio visiguse wala kusukuma kitu chochote karibu na mgonjwa. Nikasimamisha kibodi kwa ubavu, imeegemea debe la unga, niweze kubonyeza kwa mbele na kuona kwa nyuma. Mita nikaiweka kwenye alama ya dayodi.

Alama ya mlio niliiacha makusudi. Kwanza, mlio hautulii vizuri kukiwa na dayodi njiani. Pili, mita nyingi za bei ndogo huchelewa kulia, na mguso uliokatika kwa milisekunde kumi unapita bila mita kushtuka. Kuna na jambo la tatu, ambalo ndilo hunifanya nisiiamini mita inaposema kila kitu ni kizima: ATmega32U4 inavuta safu juu kwa kipingamizi cha ndani cha kilo-omu 20 hadi 50. Kwa volti 5, mkondo unaopita kwenye swichi haufiki hata robo ya miliampia. Mita kwenye alama ya dayodi mara nyingi husukuma karibu miliampia moja. Mguso mchafu unaweza kumpitisha mgeni mwenye nguvu na kumzuia mwenyeji mnyonge.

Nikabonyeza Q kwanza, ili nijue uzima unafananaje. Lakini mstari wake ni mwingine, mita ikakaa kimya. Nikahamisha kibanio cheusi: volti 0.61, imetulia. Z, kwa mstari wake: 0.61. Nikarudi kwa A. Nikabonyeza polepole kwa kidole cha shahada. 0.62. Nikaendelea kukandamiza mpaka mwisho wa kitufe, pale mtu anayeandika kwa haraka anapofika kila mara, na namba ikaondoka. Ikarudi 0.70. Ikaondoka tena.

Nikiwa bado nimeshikilia kitufe, nikachukua kijiti cha meno. Kijiti hakipitishi umeme na hakina nguvu ya kuvunja kitu. Nikagusa dayodi: kimya. Kiungio cha mstari: kimya. Kiungio cha katikati: kimya. Nikagusa waya wa safu, nusu sentimita kutoka kwenye mguu wa swichi, na mita ikaanza kucheza kama mtoto aliyesikia ngoma.

Kwa macho kiungio kile hakikuwa na kosa. Kilikuwa kizuri kuliko vingine, tone la mviringo linalong'aa. Nikalipiga picha kwa simu na kuivuta karibu. Pale waya unapoingia kwenye risasi palikuwa na duara jembamba, jeusi, kama kucha inavyopakana na nyama. Nikakata waya pande zote mbili za tone, nikaushika kwa koleo ndogo, nikauvuta bila hata kuwasha pasi ya kulehemu. Ukatoka kama kokwa ya tende. Ndani ya tone la risasi pakabaki tundu safi, na juu ya kile kipande cha waya, upande mmoja, bado kulikuwa na vanishi ya kahawia.

Nikakumbuka. Mwaka jana nilipofika kwenye safu, waya wangu uliisha. Nilikuwa na mota ya feni iliyokufa, na ndani ya mota kuna waya mwingi wa shaba, wa bure, uliopakwa vanishi. Fundi wa kufunga mota atakwambia vanishi hiyo imetengenezwa kuvumilia joto. Zipo nyembamba nyingine zinazoyeyuka chini ya pasi, hii si mojawapo. Lazima uikwangue, tena pande zote. Mimi niliukwangua kwa wembe upande wa juu, ule uliokuwa ukinitazama, nikaulaza ubavuni mwa mguu wa swichi, nikamimina risasi. Risasi hutapakaa juu ya shaba iliyo wazi na kuishika. Juu ya vanishi inazunguka tu na kuganda, kama ugali juu ya sufuria iliyopakwa mafuta. Nje unaona tone. Ndani kilichoshika ni ukanda mwembamba kama uzi.

Safu nzima ilikuwa ya waya ule ule. Kwa nini basi A peke yake?

Hapa kuna kosa la pili, na lilikuwa limejificha chini ya la kwanza. Swichi za mtindo wa Cherry MX zina meno madogo ubavuni yanayonasa kwenye bamba la unene wa milimita 1.5. Plaiwudi yangu ni 3. Meno hayafiki upande wa pili, kwa hiyo swichi zote nilizishika kwa gundi ya moto. Na matundu yanatakiwa kuwa milimita 14 kwa 14; la A, nililolichonga kwa tupa, lilizidi kidogo. Gundi yake ilikuwa imeachia, na nilipoweka swichi mpya sikuiangalia, niliongeza tone juu ya gundi ya zamani. Swichi ilikuwa inashuka na kupanda kidogo sana kila inapobonyezwa. Kwenye kibodi yenye bodi ya kuchapishwa ingeshikiliwa chini. Kwenye hii, kilichokuwa kinaizuia isishuke zaidi ni waya na risasi, na risasi haijazaliwa kubeba mzigo. Ukiongeza kwamba hiyo ndiyo herufi inayogongwa kuliko zote na mtu anayeishi kwa kuandika Kiswahili, nafikiri ajabu ni kwamba ilifika miezi yote ile.

Ukarabati haukuchukua muda. Nilikwangua gundi yote ya zamani, nikajaza pengo la tundu kwa vipande vya kadibodi ngumu, nikaweka gundi ya moto pembe nne. Gundi ya papo kwa papo sikuigusa. Inatambaa ndani ya swichi na kuigandisha, jambo nililojifunza kwa kupoteza swichi mbili siku za nyuma. Waya kutoka Q hadi Z nikautupa wote, nikaweka mpya niliouchomoa kwenye kebo ya mtandao, nikaupaka risasi kabla ya kuuunga, nikauzungusha kwenye mguu mara moja badala ya kuulaza, na kuacha legezo dogo katikati ili swichi ikicheza isivute kitu. Kisha nikapita vitufe vyote 47 vilivyobaki na kijiti changu cha meno. Kitufe cha nafasi na I vilikuwa njiani kuelekea huko huko. Navyo nikavifanyia.

A na nafasi, mara mia, huku nikikandamiza mpaka mwisho: mia, hakuna tupu, hakuna mbili. Nikarudia baada ya saa moja, kisha asubuhi yake kabla ya kwenda kazini, maana ile mia niliyobonyeza baada ya kubadilisha swichi nayo ilikuwa kamili.

Ile swichi ya zamani niliyoihukumu niliitafuta kwenye kopo. Nikaibana kwenye mita, nikaibonyeza mpaka kidole kikachoka. Nzima kabisa. Nimeiweka kwenye bahasha ya akiba ya shemeji.

Jumatatu jioni nilimkabidhi kibodi, nikamwomba aandike neno lolote lenye A nyingi, niangalie. Akavuta kiti, akaandika bila kutazama vidole: "shemeji amekataa kulipwa".

A zote tano zilikuwepo. Mimi sikuwa nimekataa chochote.